Chanjo ya mwaka 2009 bado iko mwilini? Jibu kwa dereva wa Sakina

Msomaji wetu ameuliza hivi: "Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina, Arusha. Nilichanjwa homa ya manjano mwaka 2009 na kadi ikaandikwa mwisho wake 2019. Majuzi pale Namanga afisa wa afya ameitazama akasema haina shida, siku hizi ni ya maisha. Nimefurahi kutolipa tena, ila sijaelewa. Tunaambiwa chembe za damu zinakufa kila siku na kuzaliwa nyingine, sasa hiyo kumbukumbu inakaa wapi miaka yote? Na kama mwili unakumbuka hivyo, mbona mafua yananirudia kila mwaka? Mama yangu yuko Marangu, yeye anasema surua ukiugua mwenyewe ndiyo kinga ya kweli kuliko sindano. Mke wangu ni muuguzi, amechanjwa homa ya ini B dozi zote tatu, kapimwa juzi akaambiwa kinga imeshuka. Tuelimishe."

Marahaba. Afisa wa Namanga yuko sahihi. Kanuni za Afya za Kimataifa zilirekebishwa, na kuanzia tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano inahesabika ya maisha, pamoja na zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Huhitaji kuandikiwa nyingine. Ushahidi ulikuwapo siku nyingi kabla ya kanuni kubadilika: askari wa Marekani waliochanjwa wakati wa Vita Kuu ya Pili walipimwa damu baada ya miaka 30 hadi 35, na zaidi ya asilimia 80 walikuwa bado na kinga inayoonekana kwenye kipimo.

Sasa hilo swali lako la seli kufa. Uliyoambiwa ni kweli kwa chembe nyekundu, ambazo huishi kama siku 120, na ni kweli kwa baadhi ya chembe nyeupe zinazomalizika ndani ya siku chache. Lakini chembe nyeupe ziko za aina nyingi, na zinazotunza kumbukumbu zina maisha yake tofauti kabisa. Tena ziko za makundi mawili yenye kazi mbili, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya, wakiwamo baadhi ya wenzangu wa hospitali. Kundi moja linapimika kirahisi kwa damu. Jingine halionekani kwenye kipimo cha kawaida, kwa hiyo linasahauliwa.

Turudi siku ulipochomwa ile sindano. Ndani yake mlikuwa na kirusi hai kilichodhoofishwa, kinaitwa 17D, kilichotengenezwa miaka ya 1930 na Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi hiyo. Kirusi hicho kiliongezeka kidogo mwilini mwako kwa siku chache, pengine ukasikia homa ndogo na kichwa kuuma. Vipande vyake vikafika kwenye tezi za kwapani, hizi ambazo zikivimba tunasema mtu ana mitoki. Humo ndani kuna seli B na seli T, aina mbili za chembe nyeupe, kwa mamilioni, na kila moja usoni mwake ina kipokezi, yaani kishikio chenye umbo lake. Maumbo hayo hupangwa kwa kubahatisha kabla mwili haujakutana na ugonjwa wowote, kwa hiyo kati ya hizo nyingi ziko chache sana ambazo kipokezi chake kinaukamata uso wa kirusi cha homa ya manjano. Hizo chache ndizo zinazoanza kugawanyika. Ndani ya wiki mbili seli moja imeshazaa maelfu.

Seli T nyingine zinaua seli za mwili zilizoambukizwa, nyingine zinasaidia seli B. Na seli B zenyewe hufanya jambo ambalo hata baada ya kulifundisha miaka mingi hapa Moshi bado linanishangaza: zinaharibu jeni zake zenyewe kwa makusudi. Zinabadilisha herufi moja moja kwenye jeni inayotengeneza kingamwili, ile protini inayomnasa adui, kisha zinajaribiwa papo hapo. Ambayo mabadiliko yake yameifanya ikamate kirusi kwa nguvu zaidi inapewa msaada na seli T, inaendelea. Ambayo yameiharibia inakufa. Mchujo huo huendelea wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, wewe ukiwa umeshasahau hata mkono gani ulichomwa.

Kirusi kikishaisha, zaidi ya tisa ya kumi ya seli zilizozaliwa kwa ajili ya vita hivyo hufa. Lazima zife, la sivyo tungetembea na tezi zilizovimba mwaka mzima. Zinazobaki ndizo unazoziulizia.

Kundi la kwanza ni seli za plazma, na makazi yake ni kwenye uboho, ndani ya mifupa. Ukiitazama seli ya plazma kwa hadubini unaitambua mara moja: kiini kimesukumwa pembeni, na sehemu yote iliyobaki imejaa mitambo ya kutengeneza protini. Haigawanyiki tena. Haizunguki kutafuta adui. Inatoa kingamwili tu, maelfu ya molekuli kila sekunde, za umbo lilelile moja. Inaishi kwa sababu imekaa jirani na seli za uboho zinazoipelekea ishara za kuiweka hai. Ukiitoa pale mahali pake inakufa mapema.

Fikiri jambo hili. Kingamwili yenyewe haidumu, nusu yake hupotea damuni kila baada ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo kingamwili ya homa ya manjano iliyomo kwenye damu yako leo haikutengenezwa mwaka 2009. Imetengenezwa mwezi huu, au ule uliopita, na seli iliyokaa kwenye mfupa wako tangu 2009.

Mwaka 2007 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha vipimo vya watu waliokuwa wamefuatiliwa miaka mingi, wakakokotoa kingamwili za kila ugonjwa zinashuka kwa kasi gani. Za pepopunda hupungua nusu kwa miaka 11 hivi. Za tetekuwanga, miaka 50. Za surua zilitoa jibu la zaidi ya miaka 3,000. Hiyo namba ichukue kama namna ya kihesabu ya kusema hazishuki, maana hakuna mtu wa kumsubiri. Lakini inaonyesha kwamba mwili hauweki kumbukumbu sawa kwa kila kitu. Kirusi hai kilichoenea mwili mzima huacha seli za plazma za kudumu. Protini iliyosafishwa, kama ile ya chanjo ya pepopunda, huacha zinazopungua taratibu, ndiyo maana wajawazito wetu hurudiwa ile sindano.

Kuna chanjo moja iliyovunja kanuni hiyo, na utafiti wake mmoja mkubwa ulifanyika kwetu. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, haina kirusi hai, ina magamba matupu ya kirusi, lakini yamepangika kwa ukaribu na utaratibu kiasi kwamba seli B huyaitikia kwa nguvu za ajabu. Wasichana wa Mwanza waliopewa dozi moja, kingamwili zao zilishuka mwanzoni kisha zikatulia kwenye kiwango kimoja mwaka baada ya mwaka. Kutulia huko ni dalili kwamba seli za plazma zimeshapata makazi kwenye uboho. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa wa kwanza kuijaribu chanjo hii shuleni mwaka 2014, wakati ule kwa zaidi ya dozi moja. Tangu 2024 nchi nzima tunatoa moja tu.

Kundi la pili ni seli za kumbukumbu zenyewe, B na T. Hizi hazitoi kingamwili. Zinazunguka kwenye damu, kwenye bandama na kwenye tezi, kimya. Seli B za kumbukumbu zinadumu kiasi gani? Mwaka 2008 watafiti walichukua damu ya wazee 32 walionusurika mafua makubwa ya 1918, umri wao miaka 91 hadi 101. Kutoka kwa baadhi yao zilipatikana seli B ambazo kingamwili zake ziliendelea kukizuia kirusi cha 1918. Miaka tisini, na kirusi chenyewe kilikuwa kimeshatoweka duniani katika umbo lile.

Kwa upande wa seli T, jaribio ninalolipenda lilitumia chanjo yako hiihii. Watu walijitolea kuchanjwa homa ya manjano, kisha kwa siku kadhaa wakanywa maji yenye haidrojeni nzito. Seli inapogawanyika lazima itengeneze DNA mpya, na haidrojeni hiyo inaingia humo na kubaki kama alama inayopimika. Ikigawanyika tena baada ya maji hayo kuisha mwilini, alama inapungua nusu. Walipopima seli T za homa ya manjano baada ya mwaka, na baada ya miaka, alama ilikuwa bado imo. Maana yake seli zile zilikuwa zilezile zilizozaliwa wiki mbili za mwanzo, na tangu hapo zilikuwa zinagawanyika kwa nadra sana, wastani chini ya mara moja kwa mwaka.

Na walipozifungua kuangalia jeni zake wakaona la maana zaidi. Seli T ambayo haijawahi kukutana na ugonjwa, jeni zake za kuulia virusi zimefungwa kwa alama za kemikali. Seli ya kumbukumbu haizitumii jeni hizo, ila alama za kufunga zimeshaondolewa na hazirudishwi. Wewe dereva utanielewa: ni kama gari lililoegeshwa usiku limetazama geti, tenki limejaa, mashine imezimwa. Seli isiyo na uzoefu inahitaji wiki kufika hapo. Hii inaanza kazi ndani ya saa chache.

Zinakula nini miaka yote? Seli za jirani hutoa kemikali, mbili kubwa zikiitwa interlukini 7 na interlukini 15. Ya kwanza inazizuia zisife, ya pili inazisukuma zigawanyike mara chache kufidia zilizokufa. Zamani tulidhani lazima kipande cha kirusi kibaki mwilini kuzikumbusha. Miaka ya 1990 seli za kumbukumbu zilihamishiwa kwa panya ambao hawajawahi kuuona ugonjwa ule, zikaendelea kuishi vizuri tu. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba seli moja moja hufa, nyingine hudumu miaka mingi, na zinazokufa huacha mtoto mwenye kipokezi kilekile na jeni zilizofunguliwa vilevile.

Kwa nini basi mafua? Sababu ni tatu na zote zinatokana na kirusi, si uzembe wa kumbukumbu yako. Kwanza, unachokiita mafua ni virusi vingi. Rhinovirusi peke yake ina aina zaidi ya 100, na kinga ya moja haikusaidii sana kwa nyingine. Pili, influenza, yale mafua makali, hubadilisha uso wake kila msimu, hivyo kingamwili za mwaka juzi zinashika vibaya. Surua haiwezi kufanya hivyo: sehemu ya uso wake inayoshika seli zetu ikibadilika, inashindwa kushika, kirusi kinakwama.

Sababu ya tatu ni muda. Seli za kumbukumbu, hata ziwe tayari vipi, zinahitaji siku tatu hadi tano kuzaliana ziwe jeshi. Surua inajificha siku 10 hadi 14 kabla dalili hazijatoka, kwa hiyo kumbukumbu inafika mapema. Influenza inakushika ndani ya siku moja hadi nne, na mafua ya kawaida hayakai tofauti sana. Kumbukumbu inafika wewe umeshaanza kupiga chafya. Kinachoweza kukuzuia kuugua kabisa ni kingamwili zilizopo puani tayari, pamoja na seli T zinazoweka makazi kwenye njia ya hewa, na hizo za mapafuni hupungua ndani ya miezi. Kumbukumbu ya ndani inakusaidia usilazwe. Ndivyo ilivyotokea kwa UVIKO-19 pia: watu waliambukizwa tena na tena, lakini wengi wao mara ya pili hawakufika kwenye oksijeni.

Mama yako wa Marangu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1846 surua iliingia Visiwa vya Faroe kaskazini mwa Ulaya, ikashika zaidi ya watu 6,000 kati ya 7,782. Daktari kijana wa Denmark, Peter Ludwig Panum, akagundua kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781 hawakuguswa. Miaka 65 bila ugonjwa kurudi visiwani, na kinga ikawa bado ipo. Kwa hiyo ni kweli, ukiugua surua ukapona, haikurudii.

Nusu nyingine ndiyo inayouma. Kirusi cha surua kinaingia kwenye chembe nyeupe kupitia kipokezi kinachopatikana kwa wingi kwenye seli za kumbukumbu, kinaziua. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha damu ya watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anatoka na kinga kamili ya surua, lakini kinga aliyoipata kwa kuugua magonjwa ya utotoni moja moja imefutwa kwa sehemu, na itambidi akutane nayo tena kuirudisha. Bibi zetu waliliona hili bila hadubini: mtoto akipona surua anaandamwa na kichomi na kuharisha miezi mingi. Tulisema surua imemdhoofisha. Ilikuwa imemsahaulisha.

Chanjo ya surua-rubela inajenga kumbukumbu ya surua bila kufuta nyingine. Dozi ya miezi tisa inawakinga kama asilimia 85 ya watoto, kwa sababu baadhi yao bado wana kingamwili za mama zinazokinasa kirusi cha chanjo kabla seli zao hazijakiona. Dozi ya miezi 18 inawachukua waliobaki. Hapo nami nina ugomvi mdogo na akina mama wa kwetu, wanaofuata sana kliniki mpaka miezi tisa kisha wanapotea. Mwambie mama kwa heshima, na umsalimie.

Nitaje na mkanda wa jeshi, kwa sababu unaonyesha kumbukumbu ikiwa kazini kila siku. Kirusi cha tetekuwanga hakiondoki, kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, na seli T za kumbukumbu ndizo zinazokibana humo miaka hamsini. Zikidhoofika kwa uzee, au kwa VVU visivyotibiwa, kinatoka kwa kufuata mshipa mmoja. Na wanaosema ncha za mkanda zikikutana mtu hufa, si kweli. Kwa kawaida hata hazikutani, maana mshipa unahudumia upande mmoja wa mwili.

Sasa mkeo. Kuambiwa "kinga imeshuka" ni kusoma kundi la kwanza tu, seli za plazma, na kusahau la pili. Homa ya ini B inachukua wastani wa miezi mitatu kujitokeza, muda mrefu mno kwa seli za kumbukumbu kuamka na kujaza damu kingamwili. Huko Alaska watu waliochanjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipimwa baada ya miaka 30: kiasi cha nusu tu walikuwa na kingamwili juu ya kiwango cha 10 (mIU/mL, kizio cha maabara) kinachokubalika, lakini wengi sana wa waliobaki walipopewa dozi moja ya kuamsha, namba ilipanda ndani ya wiki chache. Mwili usio na kumbukumbu kwa kawaida haufanyi hivyo haraka kiasi hicho kwa dozi moja.

Kwa hiyo aangalie rekodi zake za kazini. Kama alipimwa mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu akawa na 10 au zaidi, na hana tatizo la kinga, hahitaji kuanza upya. Kama hakuwahi kupimwa wakati huo, apewe dozi moja, apimwe tena baada ya mwezi mmoja au miwili. Ikipanda, yamekwisha. Isipopanda, amalizie dozi mbili nyingine, kwa sababu pengine hakuitikia tangu mwanzo, na wako watu wa namna hiyo.

Kuhusu kadi yako ya Namanga, tahadhari ni kwa wachache. Mwanamke aliyechanjwa akiwa mjamzito, mtu aliyepandikizwa uboho baada ya chanjo, na aliyechanjwa akiwa anaishi na VVU, hao wazungumze na daktari kuhusu dozi nyingine hata kama mpakani kadi inapita. Wengine wote, itunze isilowe. Ikipotea utachanjwa upya, na hiyo itakuwa kwa ajili ya karatasi.